Daftari la Shaame

Wa kwanza alikuwa koboi. Mshale ulimdaka begani,
akapiga ukemi, farasi akamwacha, vumbi likamla.
Nilikuwa na miaka tisa. Nimempelekea mjomba Shaame muhogo wa nazi
kule juu, kichumba cha mashine, senema ya Wete,
na kwa tundu dogo, kama la kuchungulia mgeni mlangoni,
nikamwona mtu akifa.

Wiki ya pili akafa tena.
Mara hii askari, na mnara, na baruti.
Uso mwengine, nguo nyengine, ukemi uleule:
huanza koo limebanwa, hupanda, huvunjikia juu
kama mtu aliyekanyaga kaa la moto
akakumbuka kuwa nyumbani mna wageni.

"Mjomba, huyu si yule wa Jumamosi?"
Hakugeuka. Alikuwa akichomeka makaa ya taa.
Akavuta daftari chini ya kigoda, jalada limeroa mafuta,
akanionesha. Alikwishafika arubaini na mbili.

Kaanguka jabalini.
Kaliwa na papa.
Kasukumwa dirishani.
Kachomwa mkuki, na hakustahiki.

"Ni mtu mmoja," alisema. "Wamemtia kabatini.
Kila wakitaka mtu afe, humtoa."
Haya alipewa na wakala wa Mombasa,
mleta mikanda na maneno ya watu:
kwamba siku moja, huko kwao, mtu aliwekwa mbele ya maikrofoni
akaambiwa, lia kama umekamatwa na mamba.
Akalia mara sita. Hapakuwa na mamba,
palikuwa na kikombe cha chai kinapoa.
Akalipwa ujira wa kutwa, akaenda zake.
Wenyewe wakauchagua ukemi wa tano.

Basi ikawa mchezo wetu.
Chini, mabenchi ya thumuni, watu wameshika roho zao,
sie juu twacheka mpaka machozi: "Kaja! Kaja bwana wetu!"
na mwenye jumba agonga ukuta kwa bakora.

Skuli ikafungwa tukachume karafuu.
Ngwali, mtoto wa ami yangu, alikuwa juu kabisa,
pale matawi yanapokuwa membamba kama vidole.
Mti ulisema kwanza. Ta.
Nikainua uso, na Mungu anisamehe,
nikangoja.
Niliujua unapoanzia, niliujua unapovunjikia.
Ngwali akashuka kimya,
kama kitu kilichosahauliwa mkononi,
pakacha likamfuata, karafuu zikammwagikia
kwa mlio wa mvua inayoghairi.

Baada ya arubaini nikapanda tena kwa mjomba.
Hakuniuliza kitu. Mkanda ule tulikuwa tukiujua:
adui ukingoni mwa daraja, mikono hewani.
Shaame akashika kitufe cha sauti, akakizungusha.
Adui akaanguka mdomo wazi, hana neno.
Chini wakapiga miluzi: "Sauti, we fundi! Rudisha pesa!"
Akaiacha hivyo mpaka maji ya mto yakatulia.

Jumba sasa ni ghala la saruji.
Juzi, kwenye simu ya mjukuu wangu, kikatuni:
sungura katupwa toka mwezini, na huyooo.
Nikashtuka kama nimeitwa jina.
Mwenye sauti keshakufa zamani, bila shaka.
Pengine kitandani, mtu kamshika mkono,
na hakulia hata kidogo.

Daftari ninalo mimi. Mia na kumi na saba.
Kati ya haramia na mpishi aliyeanguka sufuriani,
kwa wino mwengine, hati imebana:
Ngwali. Mkarafuu, Mtambwe.
Safu ya jina la filamu kaipiga mstari.

Nikamwambia mjukuu apunguze.
"Kwa nini, bibi?"
"Yupo mtu kalala."